Mjadala: Ice (barafu) ndiyo taipu, yaani aina ya Pokémon na mapigo yake, mbovu kuliko zote kwenye gemu za Pokémon, au tunaionea?

Mzee wa Lapras: Wadau nimechoka kuona Ice inapondwa kila siku. Haya, nani anamwangusha Dragonite kwa pigo moja? Garchomp je? Ice inauma Dragon, Flying, Grass na Ground, na timu isiyo na muvu (pigo) ya Ice inajitafutia kilio. Njooni na hoja.

Chuma Kigumu: Mkuu, muvu ya Ice ni tamu, hilo nani amebisha? Swali ni nani anaitumia. Starmie ana Ice Beam, Porygon2 anayo, hata Tauros wa zamani alikuwa na Blizzard, na hao wote siyo Ice. Kuwa Ice mwenyewe ndiyo balaa, unaogopa Fire, Fighting, Rock na Steel halafu unachohimili ni Ice mwenzio tu basi. Normal hahimili chochote lakini angalau Ghost haimgusi.

Dada Weavile: Na msisahau Stealth Rock, muvu ya kutega mawe uwanjani. Articuno, yule ndege wa Ice, kila akiingia uwanjani anaacha nusu ya HP (uhai) kwenye mawe, akitoka akarudi amekufa, hajapiga muvu hata moja. Nampenda sana yule ndege na inaniuma kumwacha nje ya timu kila gemu.

Mzee wa Lapras: Stealth Rock imekuja kizazi cha nne cha gemu, 2006 huko. Sisi tuliocheza kizazi cha kwanza tunajua Ice ilikuwa mfalme, Blizzard inalenga mara 90 kwa 100, ukigandishwa ndo umegandishwa mpaka mechi iishe. Nyie vijana mmeanzia kwenye Switch hamjui kitu.

Msee wa Kanto: Ati hatujui kitu? Manze wewe hiyo kizazi cha kwanza uliicheza kwa Game Boy ama kwa emuleta ya simu, ile app ya kuigiza Game Boy?

Mzee wa Lapras: Kwenye simu, kwani shida iko wapi? Kanto ni ile ile, Charizard ni yule yule.

Msee wa Kanto: Sawa, nijibu kitu moja. Yule Lapras wa Ice unapewa pale jengo la Silph Co. alikuwa level gani?

Mzee wa Lapras: 25. Hilo nalo la kuuliza?

Msee wa Kanto: Basi hiyo ni FireRed bana, Red iliyotengenezwa upya 2004! Kwa Red yenyewe ya kizazi cha kwanza anakuja level 15. Kwa FireRed tayari Fire inahimili Ice, Steel iko, Blizzard imeshuka mpaka 70 na ukigandishwa unaweza kuyeyuka turn inayofuata. Huo ufalme hukuuona, ulihadithiwa.

Mzee wa Lapras: Kwa hiyo aliyekosa hela ya Game Boy siyo mchezaji? Mtaani kwetu Game Boy tuliiona kwenye picha tu, na tumecheza kwa mapenzi kuliko nyie mnaonunuliwa kila kitu. Hii dharau siipendi kabisa.

Msee wa Kanto: Hakuna mtu amekudharau, mimi pia nililelewa na emuleta. Wewe ndo ulianza na "vijana hamjui kitu".

Jirani wa Pallet: Mimi naona tatizo siyo simu, tatizo ni kodi za kuchiti. Mtu anajaza Rare Candy za kupandisha level begi zima, anaingia kwa Lance, mmoja wa wale wagumu wa mwisho, na level 100 sita, anatoka anatangaza Lapras ni mfalme. Ukiwa level 100 kila mtu ni mfalme! Wapo waliotumia Master Ball, mpira usiokosa, kumkamata Pidgey kandege dhaifu, tunawajua.

Mzee wa Lapras: Nani kakwambia nilitumia kodi? Taja ushahidi au nyamaza.

Jirani wa Pallet: Sijakutaja jina, mbona unashtuka?

Dada Weavile: Jamani mada. Kinachonikera ni hiki: Rock inaongezewa Special Defense (ulinzi wa mapigo ya special kama moto) asilimia 50 kwenye dhoruba ya mchanga tangu kizazi cha nne. Ice imesubiri mpaka 2022, Scarlet na Violet, ndo theluji ikaanza kuipa Defense (ulinzi wa mapigo ya mwili) asilimia 50. Muda wote huo mvua ya mawe ilikuwa inawachubua wasio Ice tu. Na hata sasa ni Defense peke yake. Avalugg ana Defense 184, kwenye theluji ni ukuta kweli, lakini Special Defense yake ni 46, Flamethrower moja ukuta chini.

Mzee wa Lapras: Na Chien-Pao je? Mbona hamumtaji?

Chuma Kigumu: Chien-Pao anatisha kwa sababu spidi yake ni 135 na uwezo wake wa Sword of Ruin unakata Defense ya kila aliye karibu. Ice imemsaidia kupiga, sikatai. Lakini yeye ni Dark na Ice, Fighting inamuuma mara nne, ndo maana mtu anampa Tera ya Ghost, yaani anambadilisha taipu awe Ghost ambaye Fighting haimgusi, aikimbie hiyo Ice yake huku Icicle Crash inabaki na nguvu ile ile. Ukiona unalazimika kuvua taipu yako ili uishi ujue taipu ni mbovu.

Msee wa Kanto: Si waongeze basi, theluji iinue na Special Defense tumalize hii stori.

Chuma Kigumu: Hapo Ninetales wa Alola na ngao yake ya Aurora Veil mtamtoaje uwanjani?

Mzee wa Lapras: Si Bullet Punch ya Scizor inamuua mara moja, kwani wewe siyo shabiki wa Steel?

Chuma Kigumu: Mkuu, huyo Ninetales ni Ice na Fairy, Steel inamuuma mara nne, nusu ya hiyo imetoka kwenye Ice. Hapo unanitetea mimi.