Ninaomba ushauri: je, kiwanja cha kona kinafaa kwa nyumba ya kuishi?

Wanajamvi, heshima kwenu. Mimi na mke wangu tumeonyeshwa viwanja viwili vinavyopakana, vyote vya mita 20 kwa 30, kimoja kikiwa na majirani pande tatu na kingine kikiwa kwenye kona ya njia panda. Muuzaji anadai bei ya juu zaidi kwa kile cha kona kwa sababu kinatazama barabara mbili. Sisi tunataka nyumba ya kulelea watoto, wala hatukusudii kufungua biashara. Je, tukubali nyongeza hiyo?

Mpimaji
Ndugu mleta uzi, kabla ya kujadili bei, uliza utaruhusiwa kujenga kwenye eneo gani. Mara nyingi kanuni za ujenzi hudai nafasi kubwa zaidi kati ya nyumba na barabara kuliko kati ya nyumba na jirani, nawe utakuwa na barabara mbili. Tuchukue mfano: ukitakiwa kuacha mita 5 kwa kila barabara, mita 1.5 kwa jirani wa ubavuni na mita 3 nyuma, kiwanja cha katikati kitakubakizia mita 17 kwa 22, yaani mita za mraba 374, ilhali cha kona kitakubakizia mita 13.5 kwa 22, yaani 297. Utakuwa umelipa zaidi ili ujenge padogo zaidi. Isitoshe, huenda pembe yenyewe ikakatwa mshazari, au ukuta wake ukawekewa kikomo cha urefu, ili madereva waone wanaokuja. Hakiki pia kwenye ramani ya mipango kama mojawapo ya barabara hizo itapanuliwa.

Mkazi wa Kona
Hesabu za Mpimaji ni sahihi, lakini mimi naishi kwenye kona na sitamani kuhama. Nyumba yangu inapata mwanga na upepo kwa pande mbili ambazo hakuna jirani atakayezijenga akaziziba, na wageni hawakosi mahali pa kuegesha. Kero yangu ni usiku, kwa kuwa magari yanayokata kona humulika madirishani, na breki zake husikika vizuri sana. Kwa hiyo vyumba vya kulala vipangwe upande wa majirani, na sebule iachiwe upande wa barabara.

Fundi Uashi
Msisahau ukuta. Kwa vipimo hivyo, mita 50 zitakuwa zinatazama barabara badala ya 20, na huko hakuna jirani wa kuchangia gharama. Angalia pia mitaro, kwani maji ya barabara mbili hukutana hapo.

Mleta uzi
Nawashukuru sana. Kwa kuwa hatuna haja ya fremu za maduka, sioni sababu ya kulipa nyongeza. Tutakichukua cha kona iwapo tu muuzaji atakubali bei ya kile cha katikati. Tukikipata, geti liwe upande gani?

Mpimaji
Liweke kwenye barabara yenye magari machache, mbali na makutano kadiri inavyowezekana, kwa sababu dereva anayekata kona hawezi kuona mapema gari linalotoka getini, sembuse mtoto anayekimbia mbele yake.