Vifaranga "wamekufa" au "vimekufa"? Na makinda je?

Swali
Wakuu, nahariri kijitabu cha ufugaji wa ndege. Ukurasa mmoja mwandishi kaandika "vifaranga vimekufa", wa pili "vifaranga wamekufa". Watoto wa njiwa nao kawaita vifaranga. Kipi kibaki?

Jibu la 1
Wamekufa. Umbo la neno ni la KI-/VI-, lakini anayetajwa ni kiumbe hai, hivyo upatanisho ni wa A-/WA-: kifaranga huyu mdogo amekufa, vifaranga hawa wawili wamekufa. Kosa la kawaida ni kurekebisha kitenzi peke yake, ukabaki na "vifaranga vidogo vyangu wamekufa". Kagua kivumishi, kionyeshi, kimilikishi na idadi pia.

Usibadilishe kwa mkupuo kwenye kompyuta. "Viota vya vifaranga vimeloa" iko sawa, maana vilivyoloa ni viota. Tafuta neno moja moja, usome sentensi nzima.

Jibu la 2
Kwenye -a unganifu waandishi wamegawanyika: "vifaranga wa kuku", "vifaranga vya kuku". Mimi huchagua "wa" na kuishikilia mpaka ukurasa wa mwisho. "Kinda la njiwa" limezoeleka mno masikioni, silipigi vita, ila kitenzi nakiacha kwenye a-: kinda la njiwa amefumbua macho.

Jibu la 3
Hapo kwa njiwa andika makinda, na si kwa ajili ya urembo wa lugha. Kifaranga wa kuku, bata au kanga huanguliwa ana manyoya laini na macho wazi, na baada ya muda mfupi anatembea na kudonoa. Kinda wa njiwa hutoka karibu uchi, macho yamefumba, na hulishwa na wazazi mdomo kwa mdomo. Msomaji akiambiwa "wawekee vifaranga chakula na maji", akafanya hivyo kwa makinda walioachwa na wazazi, watakufa njaa chakula kiko mbele yao.

Angalia pia umri. Kuku akishakua kidogo si kifaranga tena: dume ni pora, na jike ambaye hajataga ni tembe.

Jibu la 2
Naam. Na kwenye habari za michezo ni kinda tu: "kinda huyo amefunga mabao mawili". Ukimwita mchezaji kifaranga, umemtukana.