Mashine ya umeme kwa miguu inayowaka moto: nimnunulie mama?

Binti wa Newala
Habari zenu. Mama ana miaka 61 na anaishi na kisukari mwaka wa 12 sasa. Tangu msimu wa korosho uliopita miguu inamwaka usiku. Anasema ni kama anakanyaga makaa, na hata shuka likimgusa vidole anashtuka. Siku nyingine namkuta kaketi kitandani, nyayo kaziweka kwenye saruji zipoe. Dawa ya maumivu ya mishipa aliyopewa, amitriptilini, inampa usingizi, ila asubuhi anaamka mzito. Juzi amepita muuzaji na mashine ya kukanyaga, ya umeme, anataka 150,000. Anasema inafufua mishipa na kuondoa ganzi. Mama aliikanyaga dakika kumi akasema amepata nafuu, na sasa ananidai kila siku. Naogopa, maana mwezi wa saba alikanyaga kaa la moto jikoni asisikie. Nani amewahi kuitumia?

Mzee wa Mikindani
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Mimi ninayo ndogo ya betri, yenye vibandiko vinne. Nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, nabandika mguuni pale ambapo bado nasikia, nusu saa kabla ya kulala. Moto unapungua nalala, kesho yake unarudi. Ganzi iko palepale. Mwaka jana nilikanyaga mwiba wa samaki, nikajua nilipoona damu kwenye mkeka.

Fizio Lindi
Shikamoo baba, umesema kweli tupu. Dada, umeme ule mdogo huamsha mishipa ya fahamu inayobeba mguso, na mguso ukifika kwenye uti wa mgongo huziba njia ya maumivu. Wazo hilo lililetwa na watafiti Melzack na Wall mwaka 1965. Kwa hiyo nafuu ya mama ni ya kweli, lakini ya muda, na si kila mtu huipata. Kufufua mishipa ni uongo, na inaniuma sana wagonjwa wetu wanapouziwa uongo huo wakati fedha ya korosho iko mkononi.

Hofu yako ni ya haki. Unyayo usiosikia kaa la moto hautasikia umeme ukizidi, ataungua. Kwanza apimwe kwa ule uzi wa plastiki unaogusishwa unyayoni na kupinda kwa mkandamizo wa gramu 10, tujue ganzi imefika wapi. Penye kidonda pasiwekwe umeme, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiuguse bila daktari wake. Je, anatumia metformini, ile dawa ya kisukari? Ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi na kuchomachoma. Kuhusu ule uzito wa asubuhi, amwambie daktari. Huenda akabadilishiwa saa ya kumeza au kipimo. Asiache mwenyewe.

Binti wa Newala
Asanteni sana. Metformini anameza tangu mwanzo, na B12 hajawahi kupimwa. Jumatatu tunakwenda hospitali ya Ndanda. Nimemkagua sasa hivi kwa tochi ya simu, kati ya kidole cha nne na cha tano kuna mchubuko mbichi. Hajui ameupata wapi.