Taa tatu zinawaka pamoja kwenye X3, naombeni ushauri kabla ya Jumapili

Mwana_Makambako: Wakuu, heshima kwenu. Nina BMW X3 ya 2006, ya petroli. Tangu Jumanne taa tatu zinawaka kwa pamoja kwenye dashibodi: ya ABS, ya breki na ya 4x4. Nikizima na kuwasha zinapotea, nikienda kilomita mbili tatu zinarudi. Nikikata kona kali kwenye maegesho, gari linajivuta kama limeshikwa mkia. Fundi wa mtaani kapima na kale kamashine ka kuunganisha na simu, hakajaona kosa lolote, lakini yeye anasema transfa, ile inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, imekufa. Je, nichukue transfa nzima ya mtumba au mota yake tu? Mwisho wangu ni Jumapili.

Kobe_wa_Ubungo: Uza, nunua Toyota IST. Nimemaliza.

Spana_Kumi: Pole mkuu. Kale kamashine kanasoma injini tu. Transfa ya hilo gari ina kontrol boksi yake, hiyo inataka mashine inayoingia mpaka kwenye mifumo ya 4x4 na breki. Kabla hujatoa hela, fanya hivi: zima gari, toa ufunguo, shuka, inama usawa wa mlango wa dereva usikilize. Mota ya transfa inatakiwa ilie "vriii" kwa sekunde chache, hapo inajipima. Ukisikia tak tak tak, gia ya plastiki iliyo ndani ya mota imelika meno. Ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, waya na betri. Halafu, tairi zako zote nne zinafanana?

Mwana_Makambako: Asante sana mkuu. Nimesikiliza mara tatu, inalia vriii safi, hakuna tak. Kwa hiyo ni transfa nzima, siyo?

Baba_Neema: Mimi Prado yangu ilinifanyia hayohayo, taa ya 4x4 inakonyeza kama taksi. Kumbe nilikaa miaka miwili bila kuigusa ile lever, mota imeganda kwa kutu na matope ya Kilombero. Kijana akaifungua, akaisugua na petroli, akaipaka grisi, mpaka leo. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi naingiza fowili hata kama nipo kwenye lami naenda kanisani. Siyo lami yenyewe lakini, natafuta kipande cha vumbi. Mke wangu anadhani nimechanganyikiwa.

Bi_Tunu: Vijana mnanunua magari ya Wajerumani kwa mshahara wa kununulia baiskeli. Spea moja, watoto wanarudishwa nyumbani kwa ada.

Spana_Kumi: Mleta uzi, tairi.

Mwana_Makambako: Tairi hazina shida mkuu, tena mbili ni mpya kabisa.

Spana_Kumi: Mbili? Zipi? Soma namba za ubavuni, mbele na nyuma, uandike hapa.

Mwana_Makambako: Mbele 235/55 R17. Nyuma 225/65 R17. Moja ilipasuka karibu na Mafinga, saizi yake haikuwepo, jamaa akanipa mbili za RAV4. Lakini inchi 17 ni inchi 17, zimeingia kwenye rimu bila kulazimishwa, na nimekuja nazo mpaka Dar, zaidi ya kilomita mia tano, gari likitembea vizuri. Sioni zinahusiana nini na umeme.

Spana_Kumi: Hapo ndipo penyewe. Inchi 17 ni rimu, siyo tairi. Chukua kamba, zungushia tairi ya mbele, halafu ya nyuma, pima. Gari lenyewe linaona mbele inakimbia kuliko nyuma, linadhani tairi zinateleza, linaamuru mota ibane klachi iliyo ndani ya transfa. Klachi inabana kwenye lami kavu, haina pa kupumulia, oili inachemka, mwisho kompyuta inakata tamaa na kuwasha taa zote. Transfa yako inawezekana ni nzima.

Mwana_Makambako: Sasa mkuu, transfa nimeshaitolea advansi ya laki nne kwa wauza spea wa Gerezani. Na fundi ana uzoefu wa miaka mingi, hawezi kukosea kirahisi hivyo.

Kobe_wa_Ubungo: Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri au baraka?

Jicho_la_Tai: Wakuu, msipoteze bando. Nimepitia nyuzi za huyu jamaa. Wiki tatu zilizopita alikuwa anauliza nauli ya basi la Makambako na kama wanaruhusu mzigo wa viazi. Leo ana X3. Hii ni chai, na sukari hamna. Atakuja mtu wa pili kutangaza mashine ya kupimia, mtaona.

Baba_Neema: Hata mimi nilishangaa. Weka picha ya dashibodi.

Mwana_Makambako: Siyo chai. Gari ni la kaka yangu, yuko Muscat, aliniachia niwe naliwasha tu lisife betri. Nikaona badala ya basi... Anatua Jumapili alfajiri.

Bi_Tunu: Kuwasha tu, mpaka Makambako! Na viazi ulipakia?

Mwana_Makambako: Gunia mbili tu, mama.

Jicho_la_Tai: Naomba radhi. Endelea mkuu, sasa imenoga.

Mwana_Makambako: Nimepima kwa kamba. Mbele sentimita 217, nyuma 227. Kha! Mkuu Spana, nikirudisha saizi yake, taa zitazima? Kaka hatajua?

Spana_Kumi: Kila kilomita mbele imezunguka mara ishirini zaidi ya nyuma. Zidisha mwenyewe kwa safari yako. Taa zikizima, makosa yanabaki yameandikwa ndani mpaka yafutwe na mashine. Badilisha na oili ya transfa, inaingia karibu lita moja, iwe yake maalumu, usikubali ya gia boksi. Na usifunge mbili mpya pamoja na za mbele zilizolika, utarudi palepale. Gerezani nenda leo ukaombe hela yako, ukikawia watakwambia mzigo uko njiani.

Kobe_wa_Ubungo: Gari lina umbea kuliko shemeji.

Mwana_Makambako: Nipo Mbezi. Nani anauza 235/55 R17, nne, leo jioni? Na kama kuna anayetaka viazi, gunia moja bado lipo.