Nyaraka za kusimamia klasta kwa ajili ya wakala wa akili mnemba: AGENTS.md, MCP au --help peke yake?

nodi_ya_kwanza
Wakuu, naombeni ushauri. Kazini tumekubaliana wakala wa akili mnemba aanze kusaidia zamu ya usiku kwenye klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, kila moja ikiitwa nodi), na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia nyaraka. Ijumaa natakiwa kusema tunafuata njia ipi kati ya tatu: faili moja la AGENTS.md (maelekezo ambayo wakala huyasoma kabla ya kazi), seva ya MCP (itifaki ya kumwunganisha wakala na zana) yenye zana zilizoelezwa moja moja, au tuache kila kitu kilivyo, wakala ajisomee `man` na `--help` (maelezo yanayokuja na amri zenyewe). Ipi inadumu?

mlinzi_wa_seva
Mkuu, hujasema klasta ni ya Slurm (inayopanga foleni ya kazi za hesabu) au ya Kubernetes (inayoendesha huduma ndani ya makontena). Nodi ngapi? Wakala anasoma tu au ana ruhusa ya kubadilisha? Bila hayo tutakuwa tunakisia.

kubekito
Mimi nipo na `--help`, tena bila kusita. Kwenye Kubernetes, `kubectl explain` inachota maelezo kutoka kwenye klasta yenyewe, kwa hiyo yanalingana na toleo mnaloendesha. Faili la kuandikwa kwa mkono linachakaa, na Kubernetes inatoa matoleo kama matatu kwa mwaka. Chaguo la `--delete-local-data` la `kubectl drain` (amri ya kuondoa kazi kwenye nodi) lilibadilishwa jina kuwa `--delete-emptydir-data` kwenye 1.20, na hadi leo nakutana na hati zenye jina la zamani. Wakala akikwama hapo anaanza kubahatisha.

bi_terminali
`--help` inaeleza amri inafanya nini. Lini usiiguse, hiyo haimo. Niwaeleze yaliyotukuta.

Klasta ya Slurm, nodi 40. Hati niliandika mimi. Kwenye ukurasa wa nodi iliyoganda niliweka mfano huu: `scontrol update nodename=node[01-40] state=down reason="imeganda"`. Ile safu ya majina (nodi zote 40) niliiweka kuonyesha namna ya kuiandika tu, na kwa miaka kila mwanatimu alijua kwamba anabadilisha jina kabla ya kubonyeza. Usiku mmoja ikaja tahadhari ya node17 peke yake. Wakala akafungua hati, akaukuta mstari, akautumia kama ulivyo.

Na hali niliyoandika ilikuwa DOWN. DRAIN inaziacha kazi zilizokwisha kuanza zimalizike, inazuia mpya tu. DOWN inazikata pale pale. Kazi zilizokuwa zimekwenda siku tatu zikakatika. Nyingine zilirudi kwenye foleni zikaanza mwanzo kabisa, maana hazikuwa zikihifadhi hatua za katikati. Asubuhi yake nilikwenda kwa watumiaji mmoja mmoja kuwaeleza. Wakala alikuwa amefuata hati neno kwa neno, na hilo ndilo lililoniumiza.

Tangu siku hiyo kila mfano wetu una nodi moja tu, tena yenye jina ambalo halipo kwenye klasta. Chini ya kila amri tunaandika inaharibu nini, inarudishwaje (kwa nodi ni `state=resume`), na nani lazima aidhinishe kwanza.

mlinzi_wa_seva
Pole sana dada. Ila hapo naona tatizo la ruhusa kuliko la nyaraka. Wakala angekuwa na akaunti ya kawaida, Slurm ingemkatalia kubadilisha hali ya nodi.

bi_terminali
Nusu nakubaliana nawe. Lakini zamu ya usiku wanataka nodi mbovu itolewe bila kumwamsha mtu. Ukimpa ruhusa hiyo, unarudi kwenye kile alichosoma.

mpishi_wa_yaml
Ndiyo maana nasema MCP. Anthropic waliitoa Novemba 2024, na kwetu imefanya kazi vizuri. Zana yetu ya kutoa nodi inapokea jina moja. Ukiipa safu, msimbo unakataa. Na inaweka DRAIN tu, DOWN haimo. Kasoro yake: maelezo ya zana zote yalikuwa yanajaza muktadha wa modeli (maandishi inayoweza kuyasoma kwa mara moja) hata kwa kazi ndogo. Zana zilipoongezeka wakala akaanza kuzichanganya, ikabidi tupunguze.

kubekito
Na huo msimbo wa MCP nani anautunza Slurm ikipanda toleo? Umehamisha uchakavu tu.

msomaji_kimya
Samahani kwa kuingilia. Hati mnaandika kwa lugha gani? Zetu ni za Kiswahili.

mpishi_wa_yaml
Kiingereza. Modeli nyingi hukikata Kiswahili vipande vingi zaidi, nafasi inaisha mapema.

bi_terminali
Sisi Kiswahili, kwa sababu na watu wa zamu wanazisoma hati hizo hizo. Ujumbe wa kosa tunauacha kama ulivyo kwenye logi, herufi kwa herufi, ili wakala aupate akiutafuta. Ila jihadharini na neno "kuzima". Kwetu lilimaanisha kukata umeme, kusimamisha slurmd (programu ya Slurm iliyo kwenye kila nodi), na hata kuweka DRAIN, kutegemea nani ameandika. Tumelifuta kote.

msomaji_kimya
Nimetafuta sasa hivi kwenye hati zetu. "Zima nodi" ipo mara 23.

nodi_ya_kwanza
Samahani, nilikuwa zamu. Ni Slurm, nodi 60 na kitu. Kubernetes tunayo ndogo ya huduma za ndani. Ruhusa bado haijaamuliwa, ila mkuu wa kitengo anataka wakala awe na zote.

mlinzi_wa_seva
Zote? Basi Ijumaa anza na hilo kabla ya nyaraka.

bi_terminali
Slurm toleo gani? Matoleo ya zamani hayana `squeue --json` (orodha ya foleni kwa muundo wa kusomwa na programu), na jedwali la kawaida linakata jina la kazi baada ya herufi 8. Wakala wetu aliwahi kuona kazi mbili tofauti akadhani ni moja.

nodi_ya_kwanza
Toleo silikumbuki. Nitaangalia kesho nikiingia.