Kaka ameacha unga miezi saba, mbona hamu inarudi ghafla?

Mdogomtu: Ndugu zangu, kaka yangu ameacha heroini na arosto, yale maumivu ya kuacha dawa, ilimwisha kitambo. Juzi niliwasha kiberiti cha gesi karibu naye. Aligeuka ghafla, viganja vikamlowa jasho, akasema tumbo linamsokota kama zamani. Ikiwa mwili umeshajisafisha, hamu hiyo inatoka wapi?

Seli_Kijivu: Inatoka kwenye kumbukumbu. Mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz, alipochunguza nyani waliozoea kupewa maji ya matunda baada ya ishara fulani, aliona kwamba seli zao za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi na hamu, ziliacha kuchangamkia kinywaji chenyewe zikawa zinachangamkia ishara inayokitangulia. Kwa mraibu aliyezoea kupasha unga kwa kiberiti, mlio wake ndio ishara hiyo. Amigdala, sehemu ya ubongo ya hisia, huufunga mlio huo na hisia; hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, huhifadhi mahali na mazingira, na yote haya hutokea kabla kaka yako hajaamua lolote, kwa hiyo tafadhali usidhani kwamba anatamani kwa makusudi.

Mzee wa Zamu: Naongezea jambo la mazingira. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971, ambao takriban mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa huko, na waliorudia uraibu mara baada ya kufika kwao walikuwa wachache sana. Sidai kwamba ni kumbukumbu pekee iliyowaokoa, maana hata upatikanaji wa dawa ulibadilika, ila kuwa mbali na ishara za zamani kulisaidia.

Mdogomtu: Basi nimwashie kiberiti kila siku mpaka akizoee?

Seli_Kijivu: Hapana, usifanye hivyo nyumbani. Mazoezi ya namna hiyo hayafuti kumbukumbu ya kwanza, bali huweka somo jipya juu yake, nalo hushikamana na mahali lilipofundishwa. Ndiyo maana mtu hutulia kwenye kituo cha tiba kisha akatetereka mara tu anapoingia chumba chake cha zamani.

Mzee wa Zamu: Kuna hatari nyingine. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake waliwapa panya waliozoea heroini dozi kubwa: waliopewa katika chumba kigeni walikufa asilimia 64, na waliopewa katika chumba walichokizoea asilimia 32. Hata ustahimilivu wa mwili, yaani uwezo wake wa kuhimili dozi, kumbe, hutegemea kumbukumbu. Kaka yako amekaa miezi saba bila dawa, kwa hiyo dozi yake ya zamani inaweza kumuua. Waulize wahudumu wake wa afya kuhusu kuwa na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi ya heroini, nyumbani, na kiberiti hicho kiondoe mezani.