Mchezaji akiingia mapema kwenye mtupo huru, refa apulize lini?

Mwalimu_Kongwa
Wakuu, habari za saa hizi. Tunaandaa vijana wa kikapu kwa ajili ya UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) na marefa wa shule wanabishana. Timu A inapiga mtupo wa pili kati ya miwili. Mpira ukiwa bado mkononi mwa mpigaji, beki wa B anaingia eneo la sekunde tatu (lile la mstatili chini ya ringi), na mwenzake mpigaji naye anaingia. Mpira ukizama inakuwaje? Ukikosa je? Na mpigaji mwenyewe akikanyaga mstari? Mmoja anasema pointi inafutwa, mwingine anasema mtupo unarudiwa. Tunafuata sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani.

Filimbi_Mkononi
Mwalimu, hao wote wawili wana kipande cha ukweli. Ubishi huu mara nyingi unatoka kwenye video za Marekani. Kwa sheria za NBA, mwenzake mpigaji akiingia mapema pointi inafutwa. FIBA haiko hivyo.

Anza na mpira uliozama. Kama kosa ni la mtu yeyote asiye mpigaji, awe wa A au wa B, pointi inahesabiwa na kosa linasahauliwa. Mpira unaanzishwa na B nyuma ya mstari wa mwisho kama kawaida. Ndiyo maana refa mzuri habani filimbi mdomoni akitafuta pa kupuliza: anaona kosa, anaweka akilini nani kafanya, anasubiri mpira ufike kwenye ringi. Ukipuliza mapema umewapa watu sababu ya kusema umemvuruga mpigaji.

Ukikosa, sasa ndiyo kosa linafanya kazi:
- Kaingia beki wa B peke yake: mpigaji anapewa mtupo mwingine.
- Kaingia mtu wa A peke yake, na huu ni mtupo wa mwisho: mpira wa B, unarushwa kutoka pembeni usawa wa mstari wa mtupo huru.
- Wameingia wote, kama kwenye swali lako, mtupo wa mwisho: ni hali ya mpira wa kugombea, angalia mshale kwenye meza ya waamuzi, unaoonyesha zamu ya mpira ni ya nani. Usianze kupima nani alitangulia kwa nusu hatua.

Mpigaji ni habari nyingine. Haruhusiwi kugusa mstari wala kuingia ndani mpaka mpira uguse ringi au uzame. Akikosea hapo, pointi haipo hata kama mpira umeingia safi, na makosa ya wengine ya wakati huohuo hayahesabiwi. Yake pulizia palepale.

Mwalimu_Kongwa
Nimekupata mkuu. Na mpigaji akizuga, anainua mikono kama anatupa halafu anasita, mabeki wakaingia?

Filimbi_Mkononi
Kuzuga ni kosa la mpigaji, hao mabeki waache. Ila kuna vijana ambao kusita ni mtindo wao wa kila siku, hasa wakikunja magoti mara mbili. Huyo hajazuga. Angalia kama mikono imepanda kwa kutupa kweli kisha ikakatishwa. Ana sekunde tano tangu umpe mpira, na refa wa nyuma (si yule wa chini ya ringi) azihesabu kwa mkono unaoonekana.

Dada_Nkuhungu
Naongezea hapa, maana nusu ya makosa haya yanazuilika kabla mpira haujatoka mkononi mwa refa. Kwenye nafasi za rebaundi, zile za kandokando ya eneo la sekunde tatu, wanakaa watu watano tu: watatu wa timu inayozuia, wawili wa timu inayotupa, kwa kupishana. Nafasi mbili za karibu na ringi ni za wazuiaji. Timu ikiacha nafasi yake wazi, mpinzani haijazi. Waliobaki wote wakae nyuma ya mstari wa pointi tatu na nyuma ya usawa wa mstari wa mtupo huru, na hawa hawatoki mpaka mtupo uishe, si mpira ukitoka mkononi. Hapa ndipo marefa wengi wachanga hawaangalii kabisa.

Kama ni faulo ya kiufundi au faulo isiyo ya kimichezo, hapangwi mtu pale, wote nyuma.

Na viwanja vyetu vya saruji, jua la Dodoma linakula rangi. Mkiwa mnapaka upya alama za nafasi hizo, pimeni kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho: mita 1.75, kisha nafasi ya kwanza 0.85, eneo la katikati lisilokaliwa 0.40, halafu nafasi mbili za 0.85 kila moja. Mstari wa mtupo huru, ukingo wake wa mbali ni mita 5.80. Bila alama hizo refa hana cha kumwambia mchezaji.

Kijana_wa_Meza
Upande wetu wa meza: mtupo wa mwisho ukikosa na mpira ukawa hai, saa inaanza mchezaji wa uwanjani akigusa mpira, si ukigonga ringi. Refa akipuliza kosa la kuingia mapema na saa imeshakimbia, irudisheni.

Mwalimu_Kongwa
Asanteni sana. La mwisho: upepo wa jioni ukipeperusha mpira usiguse ringi kabisa?

Filimbi_Mkononi
Upepo hauna kifungu. Mtupo wa mwisho usiogusa ringi ni kosa la mpigaji, mpira wa B pembeni usawa wa mstari. Ukiwa wa kwanza kati ya miwili, mpe mpira atupe wa pili.